Kuzuru mji uliopigwa na maafa: ya Katesh na yetu visiwani



Nilikuwa Singida mjini kwa darsa za siku tatu. Baada ya sala ya Isha alinisogelea kijana mmoja, muuza mafuta ya alizeti. Zamani akipeleka madumu yake mnadani Katesh, wilaya ya Hanang, mkoa jirani wa Manyara. Sasa baba yake mdogo amemkataza: mji ule, anasema, umeteremkiwa na adhabu, na Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia katika miji ya walioadhibiwa. "Shekhe, nikirudi kule nina dhambi?"

Wasomaji mtakumbuka. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakashuka hadi mjini, na watu zaidi ya 80 wakafariki.

Hadithi aliyoitaja mzee ni sahihi, ila ameiweka pasipo pahala pake. Mtume (S.A.W.) aliisema alipopita Al-Hijr, makaazi ya Thamud, njiani kwenda Tabuk. Habari ya Thamud tumeipata kwa wahyi. Habari ya Katesh tumeipata kwa redio. Nani aliyempa mtu khabari za ghaibu hata akajua kwamba hawa waliadhibiwa? Tulichofundishwa ni kinyume chake: Muislamu aliyekufa maji au aliyeangukiwa na jengo amehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Naye Mtume mwenyewe, akiona wingu zito uso wake ukibadilika kwa khofu. Aliogopa yeye, hakuwanyooshea wengine kidole.

Na sisi wa visiwani tusijione tuko mbali. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilinusurika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Je, tuseme Waunguja ndio waliokuwa waovu? (Wapemba naomba msinijibu.) Mei 2024 Hidaya alipokaribia Mafia, boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na sote tulikuwa tunaomba dua. Disemba ile ile ya 2024 Chido akaivunjavunja Mayotte, kisiwa ambacho wakaazi wake wengi ni Waislamu wenzetu.

Nyumba nyingi kwetu zinakula kwa mgeni: huyu dereva, huyu mpishi, huyu anauza viungo. Kule Mafia watu wanangojea wanaokuja kuwaona papa potwe. Upepo hupita kwa siku moja au mbili. Mgeni akiogopa kurudi, njaa hukaa miezi. Kwa hiyo anayekwenda kununua, kulala na kulipa katika mji uliopigwa, njia ikishakuwa salama, ananufaisha, na kwa nia njema ana ujira. Anayekwenda kupiga picha kiwanja cha nyumba iliyokufa watu, akairusha kwenye simu kabla ya kumuamkia mwenyewe, huyo bora abaki kwao.

Liko na la zaka, ambalo naona tunalisahau. Imepokewa kutoka kwa Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, kwamba mtu ambaye mafuriko yamechukua mali yake anahesabika katika al-gharimin. Basi mfanyabiashara Muislamu wa Katesh aliyebaki na madeni na hana cha kulipia anastahiki fungu hilo, hata kama mwaka juzi yeye ndiye aliyekuwa akitoa.

Nilimwambia kijana: nenda mwanangu, uza kwa bei yako ya siku zote, na wateja wako wa zamani waliokopa kabla ya maafa usiwadai mpaka wapate nafasi. Akanyamaza kidogo. Akasema wapo watatu, na mmoja hajui kama yu hai. Nikamwambia akaulize kwa jamaa zake kwanza, deni baadaye.