Krismasi Isiyokula Karo

Nchini Uganda shule hufunguliwa mwezi Februari. Fedha inayotumika kununulia mapambo ya dukani wakati wa Krismasi huonekana pengo lake siku hiyo. Mama wa shambani hupamba kwa vilivyopo. Husiliba kuta kwa udongo mweupe na kutandaza sakafuni nyasi mbichi zinazonukia kama mchaichai. Tawi la mberoshi husimamishwa katika ndoo ya mchanga uliolowa, likapambwa kwa pamba na karatasi za rangi. Mshumaa usiwashwe karibu nalo, kwani majani yaliyokauka hushika moto upesi. Na baba akichelewa zamuni hata tawi likanyauka, watoto wakate jingine bichi, akute Krismasi yake ikimngoja.