Sheria Isiwe Siri

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Malalamiko yao yalipofikishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1952, wakili wao alikuwa Earle Seaton wa Moshi, mtu Mweusi, mzaliwa wa Bermuda. Wakili mzalendo angetoka wapi? Afrika Mashariki haikuwa na chuo kikuu kilichofundisha sheria. Huko Marekani, Heman Sweatt alikataliwa na Chuo Kikuu cha Texas kwa rangi yake, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamuru mwaka 1950 apokewe.

Kitivo cha Sheria, Dar es Salaam, kilibomoa ukuta huo mwaka 1961. Lakini mwanakijiji wa Kilimanjaro asiyeijua sheria ya ardhi angali mawindo ya wajanja. Walimu na watumishi wa umma hawana budi kumweleza. Mkoloni aliifanya sheria siri. Ni aibu taifa huru kuitunza siri hiyo.