Kufunga si Kushinda na Njaa

Kiswahili hakikosi hekima. Anayeacha kula kwa hiari na kwa nia ya ibada husemwa kuwa amefunga. Asiyekuwa na chakula husemwa kuwa ameshinda na njaa. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa Isiolo kila ifikapo Kwaresima, neno ambalo asili yake ni hesabu ya Kilatini ya siku 40.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza. Waumini wa kanisa na wa msikiti wakafunga pamoja. Lakini Machi ni ukingo wa kiangazi, kabla ya masika kushika. Mfugaji ambaye mifugo yake imekonda hana maziwa ya kujinyima. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, wengi waliishi Kwaresima isiyokuwa na Pasaka.

Je, mtu huyo ahubiriwe kujinyima nini? Kanisa Katoliki lenyewe halimlazimishi mtoto wala mzee kufunga, na daima limeunganisha kufunga na sala na sadaka. Basi swali linawahusu wenye sahani zilizojaa: chakula walichokiacha adhuhuri kilikwenda wapi? Kikingoja kabatini hadi jioni, huko ni kubadili saa ya kula tu. Kikifika katika manyata ya jirani, awe Mborana, Mturkana au Msamburu, Mkristo au Mwislamu, hapo ndipo tutakaposema, kwa Kiswahili fasaha, kwamba Isiolo imefunga.