WAIMBAJI NI WAFANYA KAZI



Wako wasemao kwamba mwimbaji si mfanya kazi, ati anajifurahisha tu. Sisi twakataa kabisa.

Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, na mashine ya kunasa sauti. Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wakamwimbia "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyesikika katika santuri, likageuzwa kwa ulimi wa Kipsigis. Rodgers mwenyewe alikuwa mtu wa reli, mfunga breki wa gari moshi! Alikufa mwaka 1933, na hata leo anatajwa kwa jina. Je, wasichana wale? Ukimtoa Chemutoi, waliandikwa "wasichana wa Kipsigis", basi. Hata kipande cha mkoloni, pamoja na ubaya wake wote, kilikuwa na jina la mtu.

Nakala ilirudishwa Kapkatet baada ya miaka zaidi ya 60, na maktaba ya Tracey ya Afrika Kusini pamoja na Ketebul Music ya Nairobi. Mzee Cheriyot arap Kuri, mmoja wa waliorekodiwa na Tracey, alikutwa yu hai. Miaka sitini! Nani kati yetu angengoja haki yake hata miezi sita?

Basi mwenye baa au matatu hapa Nakuru anayevuta wateja kwa muziki alipe ada ya watungaji. Nao wanaoikusanya watuonyeshe vitabu: nani kalipwa, shilingi ngapi. Na kila anasaye sauti aandike majina yote, hata la mwitikiaji wa nyuma kabisa.