Breki Nzima, Dereva Amechoka

Ajali inapotokea, maneno ya kwanza tunayoyasikia kwa ndugu wanaomleta majeruhi huwa ni ya gari. Breki zilikuwa nzima, matairi mapya, na dereva mwenyewe ni hodari, barabara ya Mwanza anaijua shimo kwa shimo. Sisi wauguzi tunasikiliza huku tukikata nguo iliyoloa damu. Sifa hizo mara nyingi ni za kweli, lakini hazikumwokoa mtu.

Tufanye hesabu ndogo. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kila sekunde. Tangu jicho lione ng'ombe barabarani mpaka mguu ukanyage breki, hata mtu mwenye afya njema hutumia sekunde moja au zaidi. Kama alikuwa akisoma ujumbe wa simu kwa sekunde mbili tu, mita 44 nyingine zimekwenda. Katika mita hizo breki mpya ni chuma tu, na ule ufundi wa kukwepesha gari haujaanza kazi. Ndivyo ilivyo hata kwa kijana wa bodaboda wa hapa Makoko anayekwenda mjini, simu ameibana ndani ya kofia.

Hatusemi gari bovu lipakie watu. Ila gari imara nalo humlegeza dereva: hujiamini, huongeza mwendo, hugeuka nyuma kuongea na abiria.

Uangalifu ni kazi ya mwili, ndiyo sababu tunauandikia katika ukurasa wa afya. Dereva aliyetoka kwenye mkesha wa msiba anaweza kupitiwa na usingizi kwa sekunde kadhaa asijijue. Pombe, hata kidogo, huchelewesha mguu. Na mwenye mafua aliyemeza piritoni asubuhi husinzia vilevile. (Hapo sisi tuna kosa: tunapotoa dawa hiyo, ni mara chache tunamwuliza mgonjwa anafanya kazi gani.)

Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana pale Sabasaba, Butiama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hatutaki kumhukumu mtu. Lakini tulipopanda basi tena baada ya msiba ule, tulitazama matairi kwanza. Hakuna kati yetu aliyemwuliza dereva kama amelala.

Nasi tuungame. Tunapopeleka mgonjwa wa rufaa Bugando, mara nyingine dereva wetu ni yule yule aliyerudi usiku wa manane na mgonjwa mwingine. Badala ya kumhurumia tunamhimiza, "Mzee, tuwahi!" Siku moja, kabla ya kufika Bunda, gari letu liliacha lami taratibu kama linaloegesha. Mama wa mgonjwa ndiye aliyepiga kelele. Tangu siku hiyo hatukubali safari ya usiku bila dereva wa pili, na simu ya anayeendesha huishika muuguzi.