Gitaa Likihama, Bendi Hubaki na Jina Tu

Ukitaka kujua kama bendi ya Ukambani imepatwa na jambo, usimsikilize mwimbaji. Mwimbaji atakuwa yule yule, jina kwenye bango litakuwa lile lile, na sare za wachezaji hazitabadilika. Sikiliza gitaa la solo. Likiwa jana lilikuwa likimjibu mwimbaji kwa upole na leo linamkatiza, au lilikuwa likipanda juu na sasa limekaa chini, basi jua kuna mtu ameondoka. Mashabiki wa Kitui na Makueni hulitambua hilo haraka, na mabishano yake huanzia Mwingi, Wote na Kibwezi yakafika hadi huku kwetu Changamwe na Likoni.

Huenda msomaji wa Pwani akauliza, mambo ya Ukambani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Wakamba ni majirani zetu wa tangu misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 iliyoteremka hadi Rabai na Mombasa. Leo wapo Shimba Hills kwa vizazi, na wapo kila mtaa wa Mombasa. Kila Disemba mabasi yanayopanda Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali hujaa watu wanaorudi kwao, na benga ndiyo inayowasindikiza.

Wako pia watakaoniuliza, Muislamu na magitaa ni wapi na wapi? Hukumu ya muziki ina wanachuoni wake, nami nawaachia wao. Ninalozungumzia hapa ni kazi ya mtu na ujira wake, na hilo halina dini moja wala kabila moja.

Tuanze na kazi yenyewe. Benga ilitoka Nyanza, kwa Waluo, ambako vidole vilivyozoea nyuzi za nyatiti vilihamia kwenye gitaa. Ilipofika Ukambani ikavaa mavazi ya huko. Besi hairembi sana, inaruka na kusukuma. Gitaa la ridhimu linashikilia mwendo. Juu yake gitaa jingine hupiga noti nyembamba, za haraka, zenye kujirudia, kama maji yanayozunguka kwenye mtungi, na kujaza kila pengo linaloachwa na sauti. Gitaa la solo ndilo linaloongoza: linafungua wimbo, linamjibu mwimbaji kila anaposhusha pumzi, na mwisho waimbaji wakinyamaza linachukua uwanja na kuwainua watu vitini.

Kwa hivyo mpiga solo anapoondoka, yanabadilika mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni ufunguzi. Shabiki huujua wimbo kwa zile noti chache za mwanzo, kabla neno halijatamkwa. Mkono mwingine ukizipiga, hata kwa usahihi, sikio linakataa. La pili ni majibizano. Wako wapigaji wanaofuata sauti ya mwimbaji neno kwa neno, na wako wanaompinga, yeye akishuka wao wanapanda. Mwimbaji aliyezoea wa kwanza akipewa wa pili, hata namna yake ya kuvuta pumzi hubadilika. La tatu ni mwendo. Mpiga solo mwenye papara huikimbiza bendi nzima, na mtulivu huirefusha ile sehemu ya mwisho mpaka wachezaji wakachoka wao kabla yake.

Mgeni ana njia mbili, zote zina miiba. Akiiga mkono wa aliyeondoka, ataambiwa ni kivuli. Akipiga wake, ataambiwa ameharibu nyimbo. Mara nyingi bendi huokoka kwa kutunga nyimbo mpya zinazoufaa mkono mpya, na hapo ndipo sauti inapogeuka moja kwa moja. Yule aliyeondoka naye hakuviacha vidole vyake nyuma. Anavipeleka kwenye bendi nyingine, na baada ya miezi michache watu wanasema bendi ile imeiba mtindo wa hii. Hapana aliyeiba. Mtindo ulikuwa wa mtu, na mtu amehama.

Historia ya muziki wa eneo letu imejaa ushahidi. Kongo, mwaka 1963, Nico Kasanda aliyejulikana kama Docteur Nico aliondoka African Jazz ya Joseph Kabasele pamoja na mwimbaji Rochereau, wakaunda African Fiesta. Kabasele alibaki na jina, lakini gitaa lililoifanya African Jazz isikike vile lilikuwa limekwenda. Tanzania, Mbaraka Mwinshehe aliyekuwa akiimba na kupiga solo aliihama Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano. Wapenzi wake wengi walimfuata yeye, hawakulifuata jina. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari hapa hapa Mombasa, na wazee wetu hawajaisahau siku hiyo.

Karibu zaidi na sisi ni Simba Wanyika. Ndugu wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, walitoka Tanga wakaifanya Nairobi kuwa nyumba ya rumba ya Kiswahili. Mwaka 1978 Omar Shabani, mpiga ridhimu, aliondoka na wenzake wakaanzisha Les Wanyika, na John Ngereza akajiunga nao kwa sauti na gitaa. Wengi walidhani bendi haiwezi kuumia kwa kuondokewa na mpiga ridhimu. Lakini asikilizaye "Sina Makosa" anajua kuwa lile gitaa linalotembea chini ya sauti ndilo linaloubeba wimbo. Tangu hapo pakawa na Wanyika mbili, kila moja na ladha yake, na majina mengine ya Wanyika yakafuata baadaye.

Ukambani kwenyewe, Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walitufundisha jambo jingine. Wao ni wa upande wa Machakos, lakini Kitui na Makueni waliwachukua kuwa wao. Kakai aliimba Kikamba na Kiswahili, na kwa Kiswahili akasikika nchi nzima hadi alipofariki mwaka 1987. Lugha ilibadilika, lakini hakuna aliyekosea bendi ile ilikuwa ya wapi. Magitaa yalikuwa yakizungumza Kikamba hata pale mdomo ulipozungumza Kiswahili.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 Kalambya Sisters walivuma kwa "Katelina", kwa sauti zao nyembamba za kike ambazo bado zinachekesha na kupendeza. Nyuma yao walikuwa Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki. Muulize shabiki wa leo, atakuimbia "Katelina" mwanzo mpaka mwisho. Muulize ni nani aliyepiga gitaa lile, ataangalia chini. Hapo ndipo penye kidonda.

Leo majina makubwa ya benga ya Ukambani, kina Ken wa Maria, Katombi na Maima, yanajulikana hata na asiyejua neno moja la Kikamba. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mfumo wa biashara ya muziki umejengwa juu ya jina moja. Akaunti ya YouTube ni ya jina moja. Bango ni la jina moja. Wimbo ukiwekwa kwenye Skiza ya simu, unawekwa kwa jina moja. Mpiga solo hutajwa katikati ya wimbo kwa lakabu, mwimbaji akimwita apige, mashabiki wakashangilia, na mara nyingi hiyo lakabu ndiyo sahihi yake pekee katika kazi nzima.

Kisheria mambo hayapaswi kuwa hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mwenye kutumbuiza, na mpiga ala yumo humo, si mwimbaji peke yake. Kuna haki ya malipo yenye usawa pale rekodi inapotumiwa hadharani au kurushwa hewani, na chama cha PRISK kiliundwa kwa ajili ya watumbuizaji. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliweka hesabu ya nyimbo za miito ya simu: mtoa huduma wa kati asilimia 8.5, kampuni ya simu asilimia 39.5, na si chini ya asilimia 52 kwa msanii au mwenye hakimiliki.

Soma tena maneno ya mwisho. Msanii au mwenye hakimiliki. Wimbo ukisajiliwa kwa jina la mwimbaji peke yake, ile asilimia 52 humfikia yeye, na sheria haimsimami mtu kuuliza nani alipiga solo. Vyama vya kukusanya mirabaha navyo vimeshinda miaka vikivutana na bodi ya hakimiliki, KECOBO, juu ya leseni na hesabu. Hata vingekuwa malaika, haviwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ndiyo maana wapigaji huhama. Tusidanganyane kuwa ni majivuno peke yake. Kijana wa Mutomo au Kathonzweni anayelipwa kwa shoo, na shoo zenyewe zimejaa Disemba na kukauka Februari, atakwenda kwa yeyote anayeongeza shilingi mia tano. Anajua kuwa wimbo aliouremba ukivuma, hatakula chochote cha kesho. Basi anakula cha leo. Punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Haki itendeke pande zote. Mwenye bendi naye ana hoja zake. Yeye ndiye aliyekopa kununua spika na jenereta. Yeye hulipa gari, studio na chakula cha watu kumi njiani. Shoo ikivunjika kwa mvua, deni ni lake. Na amewahi kumfunza kijana tangu hajui kushika nyuzi, kijana akahama wiki moja kabla ya shoo kubwa. Mwenye bendi wa namna hii akisikia neno kugawana, huona anaporwa. Hofu yake ina msingi, na dawa yake ni ile ile ya mpiga gitaa: maandishi.

Karatasi moja inatosha. Iandikwe nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, nani amepiga solo, ridhimu, besi na ngoma, na kila mmoja ana fungu gani katika mapato ya rekodi. Malipo ya shoo yaandikwe mbali. Iandikwe pia kuwa anayetaka kuondoka atoe notisi ya muda fulani, na kuwa fungu lake katika nyimbo za zamani halifutiki akiondoka. Hapo mwenye bendi analindwa asikimbiwe ghafla, na mpigaji analindwa asisahauliwe.

Serikali za kaunti zina nafasi hapa. Katiba ya 2010 imezipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Kitui na Makueni zinaweza kuandaa mkataba wa mfano, kwa Kikamba na Kiswahili, na kuutaka kwa kila bendi inayokodiwa na kaunti kwa sherehe. Bendi isiyo na orodha ya wapigaji wake na mafungu yao isilipwe kwa fedha za umma. Tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na msimu wa kampeni ndio msimu wa bendi. Wanasiasa watawapanda jukwaani na kuwaahidi mengi. Wapigaji wawaulize hili moja kabla hawajafungua masanduku ya magitaa.

Nasi Wapwani tusikae barazani tukicheka ya jirani. Udi wa marehemu Zein l'Abdin ulijulikana kabla hajafungua mdomo kuimba, na huo ni uthibitisho kuwa sikio la Pwani pia humtambua mtu kwa mkono wake. Lakini Zein alikuwa mwimbaji na mpigaji kwa pamoja, jina na mkono vilikuwa vya mtu mmoja. Ni wangapi walipiga fidla, kinanda na besi nyuma ya waimbaji wetu wa taarabu, na leo hata watoto wao hawana cha kuonyesha ila picha? Them Mushrooms walidumu, na sababu mojawapo, naamini, ni kuwa kiini chake kilikuwa ndugu wa nyumba moja. Ndugu huandikiana moyoni. Wasio ndugu wanahitaji wino.

Dini yetu imetufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Mpiga gitaa wa Kitui jasho lake limekauka zamani, na wimbo wake ungali unalia kwenye simu za watu. Kila unapolia, kuna senti inayotembea. Swali la kujibu kabla ya Disemba ijayo ni jepesi: inatembea kwenda kwa nani?