Niacheni na visu vyangu vya elfu nane

Jamani, leo naomba nitoe dukuduku. Juzi kazini nilimwaga visu vyangu mezani, kumi na saba kwa hesabu, vyote vya kukunja na vyote vinaingia mfukoni. Mshikaji mmoja wa meza ya jirani akavitazama, akacheka, akasema: "Sasa hapo umekusanya nini? Mkusanyaji wa kweli ana kisu KIMOJA cha dola mia nne." Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa aibu tu. Sasa aibu imeisha, zimebaki hasira.

Tuanze na hiyo bei, maana ndiyo aliyoishikilia. Kati ya visu vyangu kuna Opinel namba 8, cha Mfaransa. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko milimani Savoie, kwao wakiwa watu wa kufua zana za wakulima. Mpini wa mti, bapa la chuma kinachoshika kutu ukikizembea, basi. Mwaka 1897 akavipanga kwa ukubwa, namba 1 mpaka 12. Mwaka 1955 ikaongezwa pete ya kuzuia bapa lisikufungie vidole. Mpaka leo kisu hicho ni euro kumi na kitu, na mwaka 1985 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lilikitaja kati ya vitu mia moja vilivyobuniwa vizuri duniani. Kisu cha mkulima, cha bei ya mkulima! Mshikaji wangu ana taarifa hizo?

Halafu kuna Laguiole, Wafaransa hao hao. Nacho kilikuwa cha wafugaji, kikapandishwa chati mpaka mezani kwa wazito. Jina likawa na pesa. Mwaka 1993 mfanyabiashara asiye wa kijiji hicho akalisajili jina kuwa lake, na mwaka 2012 wakazi wakafikia kung'oa kibao cha jina la kijiji chao kwa kupinga. Wanakijiji wa Laguiole wakanyimwa Laguiole... Ndiyo hasara ya kupima kisu kwa dola.

Lakini hayo ya Ulaya nayaacha. Kilichonikera hasa ni cha kwetu.

Babu yangu aliishi Songea, akilima tumbaku. Alikuwa na Okapi. Asiyeijua: ni kisu chenye mpini mrefu wa mti uliopinda kidogo, una nakshi za nyota na miezi ya bati, na mgongoni kina pete ya kuvuta ili kifunge. Ukikifungua kinalia krrr-krrr-krrr. Sisi wajukuu tulikuwa tukisikia mlio huo tunajua kuna muwa unamenywa. Ndicho kilichokata kamba za mbuzi, kilichochonga penseli zetu usiku wa kuamkia shule, na kilichotoa miiba miguuni mwetu huku tukipiga kelele. Kila Jumapili alikipitisha kwenye kinoo. Miaka ikapita, bapa likaliwa na kinoo, mwisho likawa jembamba kama jani la mchaichai.

Alipofariki sikuwahi mazishi, nilifika kwenye arobaini. Vitu vilishagawanywa: baiskeli kachukua huyu, redio yule, koti limeenda kwa shemeji. Nikauliza, na kile kisu? Baba mdogo akashangaa. "Kile? Tulikitupa na lile godoro, tukachoma. Kilikuwa kimeisha."

Kilikuwa kimeisha! Yaani miaka yote ya mkono wa yule mzee ilikuwa pale kwenye lile bapa, na ndiyo sababu ya kulitupa. Simlaumu baba mdogo. Kisu cha bei ndogo ndivyo kinavyokufa, ama na godoro, ama kwa wauza vyuma chakavu kwa kilo. Cha dola mia nne hakipotei, mwenyewe amekilaza kwenye boksi lenye kitambaa laini na hakijawahi kukutana hata na chungwa. Miaka hamsini ijayo mtakuta vimebaki visu ambavyo havikukata kitu, na mtasema hivyo ndivyo watu walivyokuwa.

Najua kuna msomi ameshakunja ndita: "Okapi si ya asili, ni ya mkoloni." Kweli kabisa. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, miaka mitatu kabla ya Maji Maji, wakapachika jina la mnyama wa misitu ya Kongo. Utengenezaji ulihamia Afrika Kusini miaka ya 1980. Sasa niulize: khanga za bibi zako zilichapwa wapi? Uholanzi, Uingereza, India, Japani. Mbona hizo hamzitupi na godoro?

Mwingine atasema kisu cha mfukoni ni cha kibaka. Mlinzi wa jengo fulani mjini alishaniambia hivyo, kwa sauti, watu wakageuka. Sikatai, Okapi ina sifa mbaya Afrika Kusini na hata Jamaika. (Chupa ya bia nayo imepasua wangapi, na mbona haikaguliwi getini?) Lakini tazameni Japani. Walikuwa na kisu cha kukunja kiitwacho higonokami, rahisi, watoto walikwenda nacho shule kuchongea penseli. Oktoba 1960 kijana wa miaka 17 akamuua mwanasiasa Inejiro Asanuma jukwaani mjini Tokyo. Alitumia upanga mfupi, si kisu cha mfukoni! Hata hivyo kampeni ya kuwanyang'anya watoto visu ikapamba moto, na wahunzi wa mji wa Miki wakaacha kazi mmoja mmoja. Leo jina la higonokami limebaki kwa karakana moja tu.

Okapi yangu ya sasa niliipata Gerezani kwenye rundo la vyuma, shilingi elfu nane baada ya kubishana sana. Pete ilikuwa imekwama kwa kutu. Nimeiloweka kwenye mafuta ya taa siku mbili, nikapitisha msasa, inalia tena. Bapa lake limeshaliwa kidogo upande mmoja, kuna mtu aliyekuwa akinoa kwa mkono wa kushoto na sitamjua kamwe. Naimenyea machungwa pale pale kazini saa nne. Yule mshikaji wa dola mia nne huwa anaomba kipande.